Jinsi ya Kutengeneza Jarida la Wasichana Wadogo Lisilowachagulia cha Kupenda

Toleo letu la kwanza lilikuwa na kurasa 16. Wasichana tuliowatengenezea, wanafunzi wa darasa la tano na la sita katika klabu ya kusoma ya shule moja ya msingi jijini Dar es Salaam, walilipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakalifunua harakaharaka, kisha wakaliweka juu ya kabati la vitabu na kurudi kugombania gazeti la michezo ambalo mwalimu wa zamu alikuwa amelisahau mezani. Walitaka kuona msimamo wa ligi. Sisi watu wazima wanne tuliokesha juu ya kurasa zile tulibaki tukitazamana, kwa sababu tuliamini kwamba tumefanya kila kitu sawasawa: hatukuweka ukurasa wa urembo, hatukuweka habari za wasanii na wapenzi wao, na karibu kila ukurasa ulimhimiza msomaji ajiamini. Tulipowauliza kulikoni, msichana mmoja wa darasa la sita alijibu kwa upole, "Linatusema tu, mwalimu."

Kusemwa, katika Kiswahili cha nyumbani, ni kukaripiwa. Na alikuwa na haki, kwa kuwa jarida zima lilikuwa likimzungumzia yeye, likimpima, likimhimiza na kumrekebisha, kama shangazi aliyekuja kukaa wiki mbili. Tulikuwa tumeondoa kioo cha urembo na kuweka kioo kingine mahali pake, ilhali msichana mwenyewe alikuwa anatazama dirishani. Mwongozo huu umetokana na matoleo yaliyofuata baada ya aibu hiyo. Unamlenga mwalimu, mzazi, mkutubi au kijana yeyote anayetaka kuanzisha jarida dogo la karatasi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 13, kwa fedha kidogo, bila kuwafungia katika mitazamo mgando kuhusu kile ambacho mtoto wa kike anapaswa kukipenda.

Umri, na waliotangulia

Shikilia umri uliouchagua, wala usikubali kuutanua ili upate wasomaji wengi. Kuanzia darasa la nne hadi la saba mtoto ameshajua kusoma bila kufuata mstari kwa kidole, ana maswali yasiyokwisha, na bado hajaanza kuona haya kuyauliza mbele ya watu. Akishaingia sekondari anataka mambo mengine, na huko tayari kuna wanaomhudumia. Shirika la Femina la Dar es Salaam, kwa mfano, lilianza mwaka 1999 na jarida lake la vijana husambazwa katika shule za sekondari nchini. Pengo kubwa liko chini ya hapo, mahali ambapo mtoto husoma vitabu vya kiada na kidogo sana zaidi ya hivyo.

Inafaa pia kujua kwamba si wewe wa kwanza kupita njia hii. Katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, jarida la New Moon lilianza kutoka mwaka 1993 likiwa na bodi ya uhariri ya wasichana wa miaka 8 hadi 14, na halikupokea matangazo ya biashara. Nchini Rwanda, Ni Nyampinga lilianza mwaka 2011 kwa Kinyarwanda, likiandaliwa na wasichana na wanawake vijana waliofunzwa kazi ya uandishi wa habari, likagawiwa bure. Mwaka 2016, huko Marekani tena, Kazoo lilizaliwa kwa michango iliyokusanywa kwenye intaneti kutoka kwa watu waliotaka kulisoma, likajaza kurasa zake kwa sayansi, sanaa na majaribio ya kufanya kwa mikono. Majarida haya yana sura na mifuko tofauti kabisa, lakini mawili ya kwanza yanakubaliana katika jambo ambalo sisi tulilikosa, nalo ni kwamba msichana ameketi mezani wakati wa kuamua nini kichapwe.

Bodi ya wasichana

Anza na wasichana sita hadi wanane. Usimwachie mwalimu mkuu akuchagulie, kwa kuwa atakuletea viranja na wale wanaoongoza darasani, na hao wameshajifunza kujibu kile ambacho mtu mzima anataka kukisikia. Hakikisha yumo asiyependa kusoma, yumo anayekaa na bibi yake, yumo anayeuza karanga baada ya masomo, na yumo mwenye ulemavu, naye asiwekwe ili apigwe picha. Ninayemthamini kuliko wote katika bodi ni yule asiyependa kusoma. Anapoendelea na makala hadi aya ya pili, najua makala hiyo imesimama.

Kukutana kila wiki kunawachosha, hasa wale wa darasa la saba wenye mitihani ya majaribio. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha, ziwe baada ya saa za kufua na kabla ya madrasa ya jioni, na pawe na chai na maandazi. Swali la "mnapenda nini?" lifute kabisa katika daftari lako, kwa maana jibu lake ni orodha ya vitu walivyoambiwa wavipende. Waulize jana walifanya nini kuanzia kengele ya mwisho hadi kulala. Waulize ni kitu gani kiliwaudhi wiki hii, ni kitu gani walikifungua ili waone ndani kuna nini, na ni swali gani walimuuliza mtu mzima akawaambia "utajua ukikua". Tulipofanya hivyo, kikao kimoja kilitupatia mambo ya kutosha matoleo mawili: kwa nini tunanyolewa nywele shuleni na walimu wetu wamesuka, kwa nini kaka hafui soksi zake mwenyewe, umeme wa mita unakwendaje haraka hivyo mwisho wa mwezi, kuotea katika mpira maana yake nini hasa, na je, samaki wanalala?

Baada ya hapo bodi ipewe madaraka ya kweli. Kwetu, kila makala husomwa kwa sauti na wasichana hupiga kura kwa kuinua mkono. Makala iliyokataliwa haichapwi, hata kama imeandikwa na mhariri mwenyewe baada ya kuumiza kichwa. Makala zangu tatu zimelala kwenye sanduku la zilizokataliwa, na moja kati ya hizo bado naiona kuwa nzuri.

Neno "hata" na ndugu zake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtazamo mgando hauingii jaridani kwa kishindo. Huingia kwa maneno madogo. Katika toleo letu la kwanza palikuwa na sentensi hii: "Hata msichana anaweza kuziba pancha ya baiskeli." Mwandishi wake alikuwa na nia njema kabisa. Lakini "hata" imekwisha kumwambia msomaji kwamba jambo hili halikutarajiwa kwake, na mtoto wa miaka 10 ambaye hakuwahi kulitilia shaka anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wapo wanaolitilia shaka. Tulipoiandika upya ikawa hivi: "Toa tyubu ndani ya tairi, ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji, kisha tazama viputo vinatokea wapi." Pembeni tukaweka picha ya mikono miwili midogo yenye grisi. Hapakuwa tena na haja ya kutaja msichana, kwa sababu mikono ile ilikuwa yake.

Tangu siku ile tuna karatasi iliyobandikwa ukutani yenye maneno yanayopaswa kusimamishwa mlangoni na kuulizwa yanakwenda wapi. "Hata" na "pia" yanaongoza. Yanafuata "jikaze kiume", "kazi za kiume", "jikedume", na "mwanamke wa shoka", ambalo ni sifa, lakini sifa inayodokeza kwamba wanawake wengine si wa shoka. Methali nazo zimo. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" hatukuificha, kwa kuwa watoto wanaisikia. Tuliichapa katikati ya ukurasa mtupu na kuwataka wasomaji waandike jibu lake kwa mtindo wa jina la kanga, maneno yasiyozidi manane. Majibu yaliyorudi yalituhitaji kurasa mbili.

Kiswahili chenyewe kinatupa nafasi ambayo wahariri wa lugha nyingi hawana. Ukiandika "Rubani alishuka, akavua kofia, akamsalimia fundi", hujasema kama rubani ni mwanamke au mwanamume, wala fundi, na msomaji ana uhuru wa kujaza mwenyewe. Mtego ni kwamba mchoraji naye anajaza. Tulimpa mchoraji wetu hadithi yenye daktari, muuguzi, mwenye duka na mtoto anayechota maji, bila kumweleza zaidi, na kila mmoja anaweza kukisia alivyorudi nayo: wanaume wawili wenye miwani, mwanamke mmoja mwenye kofia nyeupe, na msichana mwenye ndoo kichwani. Hakuwa na ubaya wowote; mkono wake ulikwenda ulikozoea. Kwa hiyo andika maelezo ya kila picha kabla mchoraji hajashika penseli, ukitaja nani yuko wapi, anafanya nini na ameshika nini.

Kwa hadithi za kubuni tunatumia kalamu mbili. Kwa wino mwekundu tunapigia mstari vitenzi vyote vya wahusika wa kike, na kwa wino wa bluu vile vya wahusika wa kiume. Hadithi moja iliyotumwa na mwalimu, nzuri tu kwa kuisikiliza, ilitoa upande wa nyekundu "alisubiri, aliogopa, alisaidia, alishukuru", na upande wa bluu "alipanda, alikata, aligundua, aliamua". Hatukumwambia mwandishi chochote kuhusu jinsia. Tulimpelekea orodha zile mbili, akairudisha hadithi baada ya siku tatu ikiwa imebadilika.

Yapo pia makosa ya upande wa pili, na wenye bidii ndio huyafanya. Ukiwafanya wasichana wote wa jarida lako kuwa mabondia na marubani wanaodharau jiko, umebadilisha kufuli tu. Kupika hakuna kosa, wala kusuka, wala kupenda rangi ya waridi. Kosa ni kumpa msichana mapishi kama wajibu na kumpa mvulana baiskeli kama mchezo. Sisi tuna ukurasa wa mapishi katika kila toleo, na unaeleza kwa nini unga wa chapati unahitaji kupumzishwa, mafuta yanafanya nini kati ya tabaka na tabaka, na kwa nini kikaango kikipoa chapati inakauka kama kadibodi. Anayezisukuma kwenye picha ni baba mmoja wa jirani, na kitambi chake chote.

Kurasa 24 na vinavyoingia humo

Kurasa 24 ni kipimo kizuri kwa kuanzia. Sipendekezi ugawe kwa usawa. Makala moja kubwa ichukue kurasa sita, na nyingine zijibane. Makala yetu iliyosomwa zaidi ya zote ilihusu kilimo cha mwani Zanzibar, ambako wengi wa wakulima wake ni wanawake. Haikuwa makala ya kuwasifu. Ilieleza jinsi mbegu inavyofungwa kwenye kamba kati ya vijiti wakati maji yamekupwa, jinsi jua na chumvi vinavyochosha mgongo, namna mwani unavyougua na kufa maji ya pwani yanapozidi joto, na mahali unapopelekwa baada ya kukaushwa, kwani unga wake huingia katika dawa ya meno na vyakula vya viwandani. Msomaji alipofika mwisho alikuwa amekutana na wanawake wanaojua bahari kwa kina, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni jambo la kushangaza.

Kurasa za watu mashuhuri ndizo zinazoharibika upesi zaidi. Zikijaa "mwanamke wa kwanza" huyu na "mwanamke wa kwanza" yule, mtoto anaona orodha ya watu walioshinda mbio ambazo yeye hajui zinakimbiwa vipi. Onyesha kazi kwanza. Kwa Wangari Maathai usianze na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004; anza na tarehe 5 Juni 1977, siku ilipopandwa miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, kisha mweleze msomaji jinsi ya kuotesha mbegu katika pakiti ya maziwa iliyokatwa na kwa nini miche mingi hufa katika kiangazi cha kwanza. Kwa Siti binti Saad, anza na msichana wa Fumba anayetembea akiuza vyungu na kuvinadi kwa sauti, kabla hujafika kwenye santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928.

Kwa Faith Kipyegon tulifanya hivi. Julai 2025, huko Eugene nchini Marekani, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Tuliwaachia wasomaji wagawanye wenyewe: sekunde 228.68 kwa vipande 15 vya mita 100 ni sekunde 15.25 hivi kwa kila kipande. Halafu tukawaambia wapime mita 100 uwanjani kwa kamba, wakimbie mara moja, na rafiki ahesabu kwa saa ya simu. Walioweza kufika kwa sekunde 15 walikuwa wachache, nao walilala chini wakihema. Ndipo walipoelewa maana ya kulifanya jambo hilo mara 15 mfululizo bila kusimama, na hatukuhitaji kivumishi hata kimoja.

Tafuta hesabu na sayansi pale ambapo msichana tayari ana mikono yake. Msuko wa mabutu au wa twende kilioni ni somo la kugawa eneo katika sehemu zinazolingana. Mkeka wa ukili una ruwaza zinazojirudia, na mtoto anaweza kuzichora kwenye karatasi ya miraba na kutabiri mstari unaofuata. Kanga ina pindo, mji na jina, na kila toleo letu lina kanga tupu ya kuchorwa na msomaji. Ukurasa wa kuotea tuliuchora kwa vifuniko vya soda, ukakatwa na kubandikwa kwenye madaftari ya wavulana pia, jambo ambalo bodi ililijadili kwa muda mrefu na mwisho ikaamua kulifurahia.

Mwili, hedhi na wazazi

Kwa wasichana wengi balehe huanza kati ya miaka 8 na 13, yaani ndani ya umri wa wasomaji wako hasa. Ukiliacha jambo hili kwa kuogopa maneno ya watu, litasemwa na wengine vichochoroni. Mwombe muuguzi au mwalimu wa afya ajibu maswali, kisha bodi iyahariri majibu hayo hadi yaeleweke. Tumia maneno yenyewe: hedhi, matiti, chunusi, taulo ya kike. Eleza kwamba katika mwaka wa kwanza hedhi mara nyingi haina mpangilio, kwamba maumivu makali yanayomzuia mtoto kwenda shule ni sababu ya kumwona mhudumu wa afya, na onyesha kwa michoro namna ya kushona pedi ya kitambaa cha pamba, kuifua na kuianika juani badala ya kuificha chini ya godoro, kwani isipokauka vizuri inaleta madhara.

Wazazi waone kurasa hizi kabla hazijachapwa. Tuliwapelekea nakala nyumbani tukitarajia ugomvi. Tulichopata ni bibi mmoja aliyekuja mwenyewe kutulalamikia kwamba tumemsahau somo. Zamani, alisema, msichana alikuwa na mtu wake wa kumuuliza, na sasa amebaki na simu. Tulimpa nusu ukurasa. Alieleza kazi ya somo alivyoijua yeye, pamoja na yale ambayo angependa angeambiwa na hakuambiwa, na nusu ukurasa ile ndiyo iliyotufungulia milango ya nyumba ambazo zingeifunga.

Usalama na sheria

Jambo hili ni fupi lakini halina mjadala. Mtoto huandikwa kwa jina lake la kwanza au jina alilojichagulia, na umri. Jina la shule, mtaa na sura yake visikae pamoja kwenye ukurasa mmoja. Ridhaa iwe mbili, ya mzazi kwa maandishi na ya msichana mwenyewe, na ya msichana iweze kufutwa hadi siku ya kuchapa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na taarifa za watoto zinahitaji uangalifu wa pekee. Sanduku la barua za wasomaji liwe na kufuli na ufunguo mmoja. Siku moja itakuja barua ambayo si ya kuchapwa, inayosimulia kupigwa au kushikwashikwa. Amueni mapema nani ataisoma na atakwenda wapi, badala ya kuanza kuulizana siku hiyo. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya, na katika vituo vya polisi Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu uchapishaji wenyewe, jarida linalobaki ndani ya klabu ya shule ni jambo moja, na linalouzwa mitaani ni jingine. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka machapisho ya habari, majarida yakiwemo, yawe na leseni. Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya ina sheria ya vitabu na magazeti inayotaka usajili. Nenda ukaulize ukiwa na kielelezo mkononi, kwa kuwa ofisa akiona kitu halisi hujibu vizuri zaidi.

Kwa mchapaji

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Karatasi sita za A4 zilizokunjwa katikati zinakupa kurasa 24 za A5, zinazobanwa kwa pini mbili kwenye mkunjo. Kabla ya kupanga chochote kwenye kompyuta, kunja karatasi sita tupu, andika namba za kurasa kwa penseli, na uandike katika kila ukurasa ni nini kitakaa hapo. Kielelezo hicho cha mkono ndicho ramani yenu. Ndani tumia wino wa rangi moja tu; mashine ya Riso, ile ile inayochapa mitihani ya shule, inatoa kazi safi kwa gharama ndogo nakala zikiwa nyingi. Rangi kamili ibaki kwenye jalada. Herufi zisiwe ndogo kuliko ukubwa wa 12, maana nyumba nyingi zina taa moja na haiko juu ya msomaji.

Jalada la toleo letu la tatu lilikuwa la kijani, likiwa na mchoro wa mikono inayofungua redio. Nililipia, nikaenda zangu, na baada ya siku nne nilikuta maboksi yakinisubiri yakiwa na nakala 300 za rangi ya waridi, na ua moja dogo kwenye kona. Kijana wa kompyuta alikuwa ameona maneno "jarida la wasichana" na, kwa moyo mweupe kabisa, ameamua kutusaidia. "Ile ya kijani ilikuwa kama ya kilimo, dada," aliniambia. Hakuna kilichokuwa kimeandikwa wala kusainiwa, kwa hiyo hasara ilikuwa yangu. Tangu hapo nasaini sampuli iliyochapwa kwa mashine itakayotumika, sampuli moja inabaki kwa mchapaji na nyingine naondoka nayo, na kwenye risiti tunaandika kwamba rangi haibadilishwi. Nakala zile tuliwapa bodi. Walikesha na kalamu za wino mweusi, na kila ua likageuzwa kuwa kitu kingine: feni, tairi, pweza, jua lililokasirika. Hakuna jalada lililofanana na lingine, na ziliisha kwa wiki moja.

Fedha na njia za kusambaza

Gawa gharama katika mafungu mawili: zile zisizobadilika hata ukichapa nakala moja, kama mchoraji na nauli, na zile zinazoongezeka kwa kila nakala. Jumlisha, gawa kwa idadi unayoweza kuiuza kwa uhakika badala ya ile unayoiota, na hapo ndipo bei ilipo. Mzazi anayeweza alipie nakala mbili, moja ya mwanawe na moja ya mtoto mwingine. Malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja ndiyo yanayolipa mchapaji wa toleo linalofuata.

Matangazo yakubaliwe kwa sharti lililoandikwa. Toleo la pili lilipotoka, muuzaji mmoja wa vipodozi alitaka jalada la nyuma kwa ajili ya krimu ya kung'arisha ngozi, na fedha alizotaja zingetosha matoleo mawili. Bodi ilikataa kabla sijamaliza kusoma barua yake. Duka la vitabu na fundi baiskeli walilipa kidogo sana, lakini wapo hadi leo.

Pa kupeleka nakala ni pale wasichana wanapokaa wakisubiri. Maktaba ya shule ni sawa, ikiwa haifungwi. Lakini mahali palipotushangaza ni saluni za mtaani wakati wa likizo, ambapo mtoto anasukwa kwa saa tatu akiwa hana la kufanya ila kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Tuliacha nakala tano katika kila saluni, zikiwa zimefungwa kwa uzi kwenye kiti. Ukitaka kujua ni kurasa zipi zinasomwa, rudi baada ya mwezi utazame zilizochakaa, zilizochorwa na zilizochanwa. Ukurasa uliobaki mweupe kama siku ya kwanza ndio wa kuuonea wasiwasi.

Kurithishana

Bodi ya watoto inazeeka haraka. Wa darasa la saba nchini Tanzania hufanya mtihani wao Septemba, na baada ya hapo hawarudi, hivyo wapya waingie ifikapo Machi ili wakae pamoja kwa miezi sita. Usiwafundishe wewe. Anayeondoka ndiye anayemfundisha anayeingia, kwa kuanzia na karatasi sita tupu na penseli. Mwaka jana nilikuwa nimeketi pembeni nikimenya machungwa wakati msichana wa darasa la nne alipofungua kielelezo alichokikunja mwenyewe, akatoa karatasi moja, akaona ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa wa 24. Akatoa nyingine, wa 3 na wa 22. Akatoa ya tatu, akanyamaza, midomo ikitembea, kisha akauliza mbele ya wote kwa nini kila mara jumla ni 25. Mwalimu wake, mwenye umri wa miaka 13, alifungua mdomo, akaufunga, akavuta karatasi zote sita na kuanza kuhesabu upya. Swali hilo limo katika toleo lijalo, ukurasa wa 9, na jibu lake halitachapwa hadi toleo linalofuata.